Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Desemba 7

Mvua ya kwanza imepiga alfajiri. Zizi limekuwa uji.

Daftari hili kanipa Salma, mke wa mwanangu Optatus. Kasema, "Mama, unaongea peke yako jikoni mpaka masufuria yanakuitikia. Andika, uyapumzishe." Mimi shule sikukanyaga hata siku moja. Herufi kanifundisha marehemu mume wangu Silvano, kwa mkaa, kwenye mlango wa zizi, na ada yake ilikuwa ugali wa moto. Kwa hiyo ukikuta herufi imelala hapa, isimamishe mwenyewe.

Desemba 8

Tumepanda mtama. Mgongo.

Desemba 19

Nyasi zimetoka, ng'ombe wameanza kuwa na adabu. Maziwa yamerudi, na leo nimesuka kibuyu kwa mara ya kwanza msimu huu.

Niandike ili wajukuu wasije wakasema hawakuambiwa. Maziwa unayaacha yagande. Unayatia kwenye kibuyu, unaziba mdomo, unakaa chini, unakisukasuka juu ya mapaja, huku na huku, mpaka mlio ubadilike. Mwanzo kinalia kama mtu anayesukutua. Baadaye kinalia kama mtu anayegonga mlango. Hapo siagi imeshajitenga na maji yake. Unaitoa, unaichemsha, unapata samli. Kibuyu changu alinipa mama yangu, naye alipewa na mama yake. Hakioshwi kwa kitu chochote ila maji ya moto na moshi. Unachoma kijiti, unasugua ndani ya kibuyu kwa kaa lake, kinanukia. Ndiyo sabuni yake.

Samli yangu inachukuliwa na mdogo wangu Zipora, anauza Mpwapwa mjini na nyingine anaipeleka Dodoma kwa watu wa maofisini. Mimi na Zipora tumenyonya ziwa moja. Silvano alipofariki, yeye ndiye aliyenilaza mapajani mwake kama mtoto. Sikuhitaji mtu mwingine.

Salma ametazama kazi yote akiwa amembeba mjukuu wangu Mazengo mgongoni. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, baba yake Halfani anakamua alizeti. Kwao hawasuki. Kaja na dumu la mafuta ya alizeti la kupikia, limekaa pale karibu na mtungi kama mgeni asiyeaga. Sisemi kitu. Binti ana heshima, ana mkono mwepesi, chumvi anaijua. Ila mtu wa mbali ni mtu wa mbali.

Desemba 28

Mvua ndogo. Asubuhi nimemkuta Salma shambani amechuchumaa mbele ya jani la mtama. Nikadhani kaona nyoka.

"Mama, njoo uone. Tone halilowi."

Ni kweli, tone la mvua limekaa juu ya jani kama shanga. Ukilitikisa linabingirika, jani linabaki kavu. Nimeliona tangu utoto, sikuwahi kuuliza. Nikamwambia jani lina mafuta yake, kama mwanamke aliyejipaka, na maji na mafuta ni maadui, basi.

Akacheka. "Si maadui, Mama. Tulifundishwa sekondari. Maji yana mikono. Kila chembe inamshika mwenzake. Chumvi ikija nayo ina mikono, inashikwa, inaingizwa ndani, huioni tena. Sukari vilevile. Mafuta hayana mikono. Maji hayayachukii. Yanashikana yenyewe kwa yenyewe tu, na mafuta yanajikuta nje."

"Nje bila kufukuzwa?"

"Bila kufukuzwa. Wenye mikono wameshikana, basi."

Nikamwambia shule zenu zinawaharibu, mnaona mikono kwenye maji. Lakini mchana nilitia chumvi kwenye mboga nikajikuta naisubiri iingizwe ndani.

Januari 6

Leo nimekasirika mpaka meno yameuma.

Nilikwenda kisimani. Niliporudi nikakuta kibuyu changu kimeanikwa juani, mdomo wazi, kinameremeta kama kichwa cha padri. Nikakinusa. Sabuni! Sabuni ya unga, ile ya kufulia!

"Nani kafanya hivi?"

Salma kaja mbio, uso wote unacheka. "Nimekusaidia, Mama. Kilikuwa kinanuka moshi."

Kinanuka moshi! Nilisema maneno. Sitayaandika yote, Mungu aliyasikia inatosha. Nilisema, "Kwenu hamna vibuyu, mna madumu!" Nilisema, "Umeosha mikono ya bibi yangu ukaimwaga!" Mtoto akalia, kuku wakatawanyika. Salma alisimama amekunja mikono, machozi yanashuka bila sauti. Hilo likaniudhi zaidi, maana mtu akilia kwa sauti unajua pa kumshika.

Kosa kama hili huku kwetu halifanyi hata msichana wa miaka saba. Kibuyu ni mti, kinakunywa. Ukikipa sabuni, kinaikumbuka.

Januari 8

Nimesuka asubuhi nzima. Siagi imegoma. Maziwa yanatoka povu kama nguo za mchungaji kwenye beseni, hayatengani. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyecheka leo.

Januari 9

Imegoma tena. Salma kaja kwa mbali, kakaa mlangoni.

"Mama, naomba niseme. Najua kwa nini."

"Sema ukiwa hukohuko."

"Sabuni ina ncha mbili. Ncha moja inayashika maji, ncha nyingine inayashika mafuta. Ndiyo maana inatoa mafuta kwenye sahani. Sasa humo ndani imemshika huyu na imemshika yule, haiwaachi waachane. Nimekuharibia bila kujua. Nisamehe."

"Mnyama mwenye ncha mbili ni mjusi," nikasema, "na mjusi haingii kwenye kibuyu changu." Lakini nilimsogezea kigoda. Akakaa. Tukachoma vijiti, tukafukiza pamoja, yeye anapuliza, mimi nasugua. Moshi ulituliza wote. Mazengo akashika kaa, akajipaka masharubu, akafanana na Silvano mpaka nikacheka kwa nguvu.

Sasa nasuka kwenye kibuyu kidogo cha jirani. Cha bibi tunaendelea kukifukiza.

Januari 21

Siagi nzuri. Salma kajifunza kusikia mlio. Leo kasema "imegonga mlango" kabla yangu. Tumechemsha samli pamoja, ndoo imejaa, iliyobaki nimeitia kwenye chungu kidogo cha nyumbani. Zipora kaja kuchukua ndoo. Kala ugali, kamchezesha mtoto, kaondoka na bodaboda akiimba pambio.

Januari 22

Mvua kubwa. Sijatoka.

Januari 30

Gari limesimama uani. Kateremka mama mmoja wa ofisini kutoka Dodoma, Elieth, alikuwa na kazi Kibakwe, hapa jirani. Shikamoo yake ya heshima, lakini mkononi kabeba ndoo. Ndoo yangu, naijua kwa ule mkwaruzo wa pembe ya ndama.

"Bibi, nimeelekezwa kwamba wewe ndiye mwenye samli hii. Naomba unuse."

Nikafunua. Juu mafuta yanaelea mepesi, ya njano, chini punje chache. Nikachovya kidole. Alizeti. Siyo kidogo.

"Binti yangu kajifungua," akasema, "nilitaka nimtilie kwenye uji. Dada anayeuza aliniapia kwamba ni samli ya bibi wa milimani, haina mchanganyiko. Nimekuja kukuuliza tu, Bibi. Sikuja kugombana."

Afadhali angegombana. Miaka yote jina langu ndilo dhamana, watu wanasema samli ya Evodia ni samli ya Evodia. Kaniachia namba ya simu. Nikamwambia nitamtafuta mwizi kwa mikono yangu. Salma alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumtazama. Nilitazama dumu.

Februari 1

Zipora kaja nilipompigia. Kalia kabla yangu. Kasema wateja wanamtukana, anaona aibu kupita sokoni. Tukakaa jikoni tumeshikana mikono kama tulivyokuwa tukikaa kwa mama.

Nikamwuliza, "Zipo, nani anaweza?"

Akalitazama dumu, akaniambia polepole, "Dada, mimi sisemi. Lakini hapa nani ana mafuta ya alizeti? Na ni yuleyule aliyetia sabuni kwenye kibuyu cha bibi."

Ingekuwa maji, ningeyaona. Maji ukiyatia kwenye samli yanakaa chini yanakusubiri, hata mtoto anayaona. Alizeti haionekani. Inaingia kwenye samli kama ndugu anavyoingia nyumbani bila kubisha hodi. Wote hawana mikono.

Februari 2

Nimemwita Salma. Nimemwuliza mbele ya Zipora.

Kaniambia, "Wallahi, Mama, sijaweka."

"Dumu limepungua."

"Limepungua kwa maandazi unayokula wewe, Mama."

"Usinijibu!"

Akaenda ndani, akarudi na kile chungu kidogo cha nyumbani, akakiweka miguuni pangu. "Hii ilitoka kwenye sufuria moja na ile ya ndoo, siku moja, tuliipika wote wawili. Onja, Mama. Onja hii tu."

Zipora akasema, "Ameshaibadilisha, dada."

Sikuonja. Nikakisukuma chungu kwa mguu.

Salma hakulia safari hii. Alikiokota, akakifunika, akakirudisha kwenye kichanja taratibu kama anayelaza mtoto.

Februari 4

Optatus kaja kutoka Dodoma, kaacha kazi yake ya ujenzi. Nilimweleza. Akaniuliza neno moja tu: "Mama, ulionja?"

Nikasema mimi ndiye mama, siyo mshtakiwa.

Kampeleka mkewe kwao Kondoa. Mazengo alinipungia mkono mgongoni kwa mama yake, akidhani wanakwenda gulioni.

Februari 5

Kimya. Kumbe ni kweli naongea na masufuria.

Februari 14

Nasuka peke yangu. Nachemsha peke yangu. Zipora kaja kuchukua ndoo, kasema nyumba sasa imetulia. Nikamwitikia. Lakini alipokaa kwenye kigoda cha Salma nilimwambia ahame, kina mguu mbovu. Hakina mguu mbovu.

Februari 19

Kwaresima imeingia, na wenzetu Ramadhani imeingia, mwaka huu zimekuja pamoja. Kwa mara ya kwanza mtu wa nyumba yangu anafunga mbali na nyumba yangu. Mwaka jana nilikuwa nampikia Salma uji wa futari na kumgombeza kwamba hali daku ya kutosha.

Kibuyu cha bibi bado nakifukiza.

Februari 26

Elieth kapiga simu. Nilidhani ananipongeza.

"Bibi, samahani. Nilichukua tena, dada alisema mmeshamwondoa aliyekuwa anachanganya. Lakini ni ileile. Hii ya sasa hata haigandi kabisa."

Nikakaa chini, palepale kwenye tope.

Salma yuko Kondoa. Samli nimesuka mimi, nimechemsha mimi, ndoo nimeifunga mimi kwa kamba yangu.

Niliingia jikoni. Nikapanda kigoda, nikashusha chungu kidogo. Jana usiku kulikuwa na baridi ya mvua. Nikafunua. Imeganda, punje kama mchanga wa mtoni, harufu ya maua ya porini. Nikachovya kidole. Nikaonja.

Sitaandika zaidi leo.

Machi 2

Nimekwenda Mpwapwa bila kupiga simu. Nimepita uani, siyo mlangoni. Mlango ni wa wageni.

Zipora alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha. Mbele yake jiko la mkaa, sufuria, samli yangu imeyeyuka inang'aa. Kando yake dumu. Alikuwa anamimina na kukoroga kwa mwiko, taratibu, anaimba lilelile pambio.

"Mbukwa, Zipo," nikamsalimia kwa lugha yetu.

Mwiko ukaanguka.

"Dada! Shikamoo. Mbona hukusema unakuja, ningepika..."

"Unapika."

Akatazama sufuria kama imewekwa pale na mtu mwingine. Kisha akaanza. Ooh, ni kidogo tu. Ooh, wateja wengi, ng'ombe wako wachache. Ooh, wewe unakaa na mifugo yako na hewa ya mlimani, mimi mjini kila kitu kina mdomo. Mwaka wa kwanza kilikuwa kikombe.

"Mwaka wa kwanza?"

Akafunga mdomo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, limekaa katikati yetu linatutazama wote. Kumbe si msimu huu. Kumbe kabla Salma hajafika kwangu, kabla sijamjua, dumu lilikuwa huku.

"Uliniambia ni Salma."

"Sikusema Salma, dada. Nilitaja dumu. Salma umemfukuza wewe."

Wanaodhani kisu kinauma hawajaambiwa kweli na mwongo. Na hapo alikuwa hajaongopa. Yeye alitazama dumu. Mguu uliosukuma chungu ulikuwa wangu.

Akaja akanishika mikono, analia, machozi ya kweli, namjua. "Dada, yule ni mtu wa kuja. Mimi na wewe ni damu. Tutaachana kwa ajili ya mafuta?"

Nikaitazama mikono yetu. Nikakumbuka jikoni Februari, tulivyokaa tumeshikana hivihivi, na yule binti yuko nje, bila kufukuzwa bado. Alinieleza mwenyewe mbele ya jani la mtama na mimi nikamkejeli. Wenye mikono wameshikana, basi.

Nikajitoa. Mkono wake ulikuwa na samli, ukateleza.

"Zipo," nikasema, "ulinilaza mapajani siku nimemzika Silvano. Lile sitalisahau, na ndilo linaloniua. Ungekuwa jirani ningekutukana nikaenda zangu."

Nimechukua sufuria yote na mafuta yake, nimeipakia kwenye bodaboda. Kijana kaniuliza, "Bibi, kuna sherehe?" Nikamwambia ipo, ashike njia.

Machi 4

Nimejaribu kutenganisha. Nimetia maji ya moto, nimekoroga, nimeacha usiku kucha. Maji yamekaa kwao chini. Samli na alizeti zimekaa juu pamoja, huwezi kusema hii nani na hii nani. Hakuna kusukasuka kutakakozirudisha.

Nimempigia Elieth nikamwambia mwizi ni damu yangu. Akasema pole. Nikamwahidi samli ya mtoto wake nitaituma mwenyewe, bure. Akasema bure hataki. Tukagombana kidogo, nikajisikia afadhali.

Machi 6

Lile chukizo la samli na alizeti nimelipika na kostiki, magadi makali ya dukani, limekuwa sabuni. Sabuni nzuri, povu tele. Naichukia.

Machi 9

Optatus kapiga. Nilimwambia yote, sikujipamba. Mwisho nikasema, "Sikuonja, mwanangu."

Akasema, "Najua, Mama."

Nikamwuliza kama nimtume yeye aende akaniombee kwa wakwe. Akasema hapana. Na ni sawa. Huku kwetu mama mkwe haendi kwa wakwe kuinama, anatuma wazee. Lakini chungu sikukisukuma kwa miguu ya wazee.

Machi 13

Nimefika Kondoa kwa Halfani jioni, mifupa yote imehama. Nilikuwa nimebeba kibuyu cha bibi, ndani yake maziwa mgando ya ng'ombe wangu.

Halfani na mkewe wamenipokea kama watu. Nilitaka wanipokee vibaya. Mazengo kanitazama, kajificha nyuma ya mama yake, kisha kaja kunusa kanga yangu, kisha kakaa mapajani bila neno.

Salma kasema, "Shikamoo, Mama." Nikasema marahaba. Akashusha mzigo wangu. Hakuniuliza kitu.

Nikasema mbele ya wazazi wake, kwa sauti, maana lile shtaka nalo nililisema kwa sauti: "Nimekuja kwa sababu binti yenu aliniambia nionje na mimi nikakataa. Samli ilikuwa safi. Mchafu ni mdogo wangu, na mimi nilimshikia mlango. Sikuja kumchukua. Nimekuja kusema."

Halfani akasema, "Umesikika, mama."

Salma alikuwa anatazama mkeka. Akasema, "Sabuni nilitia kwa kutojua, ukanisamehe. Lile la pili sikulitenda, ukanifukuza. Ndilo sijalielewa, Mama. Nalifikiria kila siku, silielewi."

Nikafungua mdomo wa kibuyu.

Adhana ikalia. Wakala tende. Nikamimina maziwa kwenye bakuli. Salma akapokea, akasema bismillahi, akanywa. Akayashikilia mdomoni. Kisha akameza.

"Bado kuna sabuni," akasema. "Kwa mbali."

"Najua."

"Umekifukiza?"

"Kila siku ambayo hukuwapo."

Akakichukua kibuyu, akachungulia ndani, akakinusa kama nilivyomfundisha, mdomo kwanza, kisha shingo. Nikadhani atanirudishia. Akainuka, akakipeleka jikoni kwa mama yake, akakiweka karibu na moto. Nikamsikia anavunja vijiti.

Hakusema atarudi. Sikumwuliza.

Machi 15

Nimerejea nyumbani. Zipora kapiga simu asubuhi, mchana na jioni. Sikupokea. Ikilia, mkono wenyewe unanyooka, naukalia.

Machi 16

Mvua. Mtama umefika kifuani. Kibuyu kiko Kondoa, cha jirani nimemrudishia, kwa hiyo sikusuka. Maziwa nimekunywa.